Maktaba ya rantaimu: uipachike ndani ya programu au uiache ya pamoja?

Programu imejengwa kwenye kompyuta ya Arusha yenye Ubuntu 22.04, ikajaribiwa, ikaenda vizuri. Ikatiwa kwenye flashi, flashi ikapanda Coaster hadi Moshi, kutoka Moshi ikapanda Noah kwenda Marangu, kwenye kompyuta ya mizani ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ambayo bado ina Ubuntu 20.04. Jioni karani anapiga simu: “Fundi, haifunguki, imeandika Kizungu kingi.” Ukimwomba apige picha kioo akutumie kwa WhatsApp, unaona mistari miwili:

```
./mizani: /lib/x86_64-linux-gnu/libstdc++.so.6: version `GLIBCXX_3.4.29' not found (required by ./mizani)
./mizani: /lib/x86_64-linux-gnu/libc.so.6: version `GLIBC_2.34' not found (required by ./mizani)
```

Ukiitazama haraka utasema ni ugonjwa mmoja, kumbe ni miwili. Mstari wa kwanza unalalamikia maktaba ya rantaimu ya C++, na huo unatibika kwa kuipachika maktaba hiyo ndani ya programu. Mstari wa pili unalalamikia maktaba ya C ya mfumo wenyewe (glibc), na ukiutibu kwa dawa ileile utazua maradhi mengine. Ndiyo maana swali la tuli (ya kupachikwa ndani) au ya pamoja huulizwa kwa kila maktaba peke yake. Ukiliuliza mara moja tu kwa programu nzima, jibu lolote utakalolipata litakuwa na kasoro mahali fulani.

## Nini kinaingia, nini kinabaki nje

Rantaimu ni ile sehemu ya lugha ambayo hukuiandika wewe lakini programu yako haiendi bila hiyo. Kwa C++ ya GCC, kompaila ya kawaida ya Linux, ni libstdc++ pamoja na libgcc. Kwa Python ni libpython, yaani mkalimani mzima. Kwa Visual Studio ni vcruntime140.dll, msvcp140.dll na wenzake. Go huipachika rantaimu yake ndani bila kukuuliza, na ndiyo sababu hata programu ya Go ya kusema “Habari” ina megabaiti moja au mbili.

Maktaba tuli, yenye mkia wa `.a` kwenye Linux, huchambuliwa na linka (programu inayounganisha vipande vya msimbo) wakati wa kujenga, na vipande vinavyohitajika hunakiliwa ndani ya faili lako. Maktaba ya pamoja, yenye mkia wa `.so`, hubaki nje. Programu hubeba jina lake tu, na kila inapoanza, kipakiaji cha mfumo hulitafuta jina hilo upya.

Hoja ya RAM husemwa sana kuliko inavyostahili. Ukiendesha nakala kumi za programu ileile tuli, keneli huweka msimbo wake mara moja tu kwenye RAM na zote kumi zinausoma hapohapo. Akiba ya maktaba ya pamoja huonekana pale programu tofauti zinapotumia maktaba moja. Kwenye kompyuta ya ofisi ya utalii pale Njiro inayoendesha programu yako moja ya kuandikia safari, RAM isikusumbue. Kinachobadilika ni ukubwa wa faili: programu fupi ya C++ yenye KB 16 hivi hufika karibu MB 2 libstdc++ ikiingia ndani. Bado inatumika kwa WhatsApp bila shida.

## Pima mashine zote mbili kwanza

Usiguse amri yoyote ya kujenga kabla hujajua programu itaishi wapi. Kwenye mashine inakokwenda, andika hizi mbili, au mtumie karani azibandike:

```
ldd --version | head -1
grep -ao 'GLIBCXX_3\.4\.[0-9]*' /usr/lib/x86_64-linux-gnu/libstdc++.so.6 | sort -Vu | tail -1
```

Ubuntu 20.04 itajibu 2.31 na 3.4.28. Ubuntu 22.04 itajibu 2.35 na 3.4.30. Debian 12 itajibu 2.36 na 3.4.30. Kama ni Raspberry Pi yenye mfumo wa biti 64, badilisha `x86_64` kuwa `aarch64` kwenye njia ya faili, na ukumbuke kwamba programu yenyewe lazima ijengwe kwa ARM. Hilo halitibiki kwa tuli wala kwa pamoja.

Kwenye mashine ya kujengea, iulize programu inadai nini:

```
objdump -T mizani | grep -o 'GLIBC_[0-9.]*' | sort -Vu | tail -1
objdump -T mizani | grep -o 'GLIBCXX_[0-9.]*' | sort -Vu | tail -1
```

Namba ya programu isizidi namba ya mashine. Ikizidi hata kwa moja, kipakiaji kinakataa kabla mstari wako wa kwanza wa msimbo haujatekelezwa.

Inasaidia kujua namba hizi hutoka wapi, maana watu hudhani wametumia kitu cha kisasa sana. GLIBCXX_3.4.29 ilikuja na GCC 11, na kwa kompaila hiyo hata `std::vector` ya kawaida huweza kuita `__throw_bad_array_new_length`, ambayo iliingia kwenye toleo hilohilo. GLIBC_2.34 ni ya mwaka 2021. Humo libpthread, maktaba ya nyuzi (threads), iliunganishwa ndani ya libc, na `__libc_start_main`, kazi inayoianzisha kila programu, ikapewa namba mpya. Kwa hiyo programu yoyote iliyounganishwa kwenye glibc 2.34 au zaidi inaidai 2.34, hata kama kazi yake yote ni kuandika neno moja kwenye kioo.

## C++: pachika libstdc++, glibc iache nje

Amri ni hii:

```
g++ -O2 mizani.cpp -o mizani -static-libstdc++ -static-libgcc
ldd mizani
```

`ldd` sasa isionyeshe `libstdc++.so.6` wala `libgcc_s.so.1`. Kubaki kwa `libc.so.6`, `libm.so.6` na `ld-linux-x86-64.so.2` ni sawa kabisa, tunazitaka zibaki. Kwenye CMake, kuanzia 3.13, andika `target_link_options(mizani PRIVATE -static-libstdc++ -static-libgcc)`.

Kuna mtego wa kawaida: ukiunganisha kwa `gcc ... -lstdc++` badala ya `g++`, bendera ya `-static-libstdc++` haifanyi kazi yake. Hakuna kosa litakaloandikwa, programu itajengwa, na libstdc++ itabaki ya pamoja. Hutajua mpaka ufike Marangu. Ndiyo maana `ldd` baada ya kujenga si hatua ya kuruka.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi. Umeweka bendera zote mbili kwa `g++`, lakini `ldd` bado inaonyesha `libstdc++.so.6`. Maana yake mojawapo ya maktaba unazozitegemea, Qt kwa mfano, imeandikwa kwa C++ na inaivuta ile ya pamoja kwa mlango wa nyuma. Sasa una nakala mbili za rantaimu ndani ya mchakato mmoja. Ukiona hivyo, ondoa bendera, rudi kwenye ya pamoja. Sababu tutaifikia kwenye plagini.

Mstari wa pili wa kosa la karani, ule wa GLIBC_2.34, bado haujaguswa. Huo unaponywa kwa kujenga kwenye mfumo wa zamani kuliko zote unazozihudumia. Huna haja ya kompyuta nyingine, kontena ya Docker (mfumo mwingine mdogo ndani ya kompyuta yako) inatosha:

```
docker run --rm -it -v "$PWD":/kazi -w /kazi ubuntu:20.04 bash
apt update && apt install -y g++
g++ -O2 mizani.cpp -o mizani
```

Kontena yenyewe ni ndogo. G++ na vitegemezi vyake ndivyo vinavyokula bando, hivyo ukishaviweka mara moja hifadhi kontena hiyo kama picha (image) kwa `docker commit` ukiwa kwenye terminali nyingine, usivipakue upya kila siku.

Utaona tumeziacha zile bendera. Ukijenga ndani ya 20.04 kwa g++ ya 20.04, ambayo ni ya toleo la 9, programu haitadai chochote kilichozidi 3.4.28, basi kupachika hakuna faida. Kupachika libstdc++ kunalipa pale unapotaka kompaila mpya juu ya mfumo wa zamani, au mashine unazozihudumia zinapochanganyika kiasi cha kutojulikana ipi ina nini. Kama ni C++20 tu unayoitaka, jaribu kwanza `g++-10`, ipo kwenye hifadhi za 20.04.

Na tuseme wazi: msaada wa kawaida wa Ubuntu 20.04 uliisha mwaka 2025. Kama mashine ya mizani inagusa intaneti, dawa ya kudumu ni kuipandisha toleo kabla msimu wa kahawa haujaanza. Usifanye hivyo siku wakulima wamepanga foleni.

### Kwa nini usiweke `-static` ukamaliza?

Kwa sababu glibc haikutengenezwa ipachikwe nzima. Jenga kwa `-static` programu inayotafuta jina la seva, na linka itakuonya:

```
warning: Using 'getaddrinfo' in statically linked applications requires at runtime the shared libraries from the glibc version used for linking
```

Watu hulipita onyo hili kwa sababu programu inajengeka. Linachosema ni kwamba utafutaji wa majina hupitia moduli ambazo glibc huzipakia wakati wa kuendesha, kufuatana na `/etc/nsswitch.conf`, na moduli hizo ni mafaili ya `.so`. Programu inayojiita tuli bado itazitafuta, na itazitaka za toleo lilelile la glibc iliyojengewa. Kwenye mashine yako zipo. Kwenye mashine ya Karatu ni za toleo jingine, na dalili huwa ya kupotosha: mtandao upo, `ping` inakwenda, kivinjari kinafungua, lakini programu yako inadai haioni seva. Fundi wa pale atahangaika na ruta siku nzima.

Kwenye glibc za kabla ya 2.34 kuna jingine. Programu tuli yenye `std::thread` inaweza kuanguka kwa segmentation fault mara tu inapoanzisha uzi wa kwanza, kwa sababu linka iliacha vipande vya libpthread ilivyoviona havihitajiki. Hulazimishwa hivi:

```
g++ -O2 mizani.cpp -o mizani -static -Wl,--whole-archive -lpthread -Wl,--no-whole-archive
```

Halafu kuna leseni. libstdc++ na libgcc zina ruhusa maalumu ya rantaimu ya GCC, kwa hiyo kuzipachika kwenye programu ya kuuza ambayo msimbo wake umefungwa hakuna tatizo. glibc iko chini ya LGPL. Ukiipachika kwenye programu iliyofungwa, unawajibika kumpa mteja uwezo wa kuiunganisha upya na glibc nyingine, kwa kawaida kwa kumpa mafaili ya `.o`. Ofisi nyingi hazijajiandaa kwa hilo.

Ukihitaji kweli faili moja lisilotegemea chochote, tumia musl, maktaba nyingine ya C ambayo leseni yake ni MIT na ilitengenezwa kwa kupachikwa. Kwa Rust ni amri mbili:

```
rustup target add x86_64-unknown-linux-musl
cargo build --release --target x86_64-unknown-linux-musl
```

Kwa Go, `CGO_ENABLED=0 go build` hutoa faili tuli lenye kitafuta majina chake chenyewe, bila glibc kabisa. Kwa programu ndogo za kutuma taarifa kutoka vituo vya mbali hii ndiyo njia tunayoipendekeza bila kusita.

## Plagini: mchakato mmoja, rantaimu moja

Hapa ndipo uamuzi unapouma. Kama programu yako inapakia vipande vingine wakati inaendeshwa, tuseme plagini ya risiti, plagini ya mizani ya kidijitali, au moduli aliyoiandika mtu mwingine, rantaimu iwe ya pamoja kwa wote. Usipachike kwenye programu, usipachike kwenye plagini.

Sababu ni kwamba rantaimu ina kumbukumbu yake. Hukumbuka eksepsheni (kosa lililotupwa) gani iko hewani kwenye uzi upi, hukumbuka hali ya `std::cout`, hukumbuka lugha na mtindo wa namba. Ukiwa na nakala mbili, kuna daftari mbili, na hakuna inayosoma ya mwenzake. Plagini inatupa `std::runtime_error` kwa sababu karatasi ya risiti imekwisha. Programu kuu ina `catch` iliyoandikwa vizuri. Lakini aliyetupa na anayedaka wanatumia madaftari tofauti, na badala ya ujumbe “weka karatasi” karani anaona programu imezimika na maneno `terminate called after throwing an instance of`. Mwongozo wa GCC wenyewe unasema hivyo: ukitaka eksepsheni zivuke kutoka maktaba moja ya pamoja kwenda nyingine, programu na maktaba zote zitumie libgcc ya pamoja.

Ubaya wake ni kwamba kila kitu hufanya kazi mpaka siku ya hitilafu. Ukijaribu kwa data safi hutaona chochote. Kwa hiyo jaribu njia ya makosa kwa makusudi: toa karatasi kwenye printa, chomoa waya wa mizani, ujaze diski.

Kagua kila plagini kivyake:

```
readelf -d plagini/risiti.so | grep NEEDED
```

Zote zinazotumia C++ zionyeshe `libstdc++.so.6`. Isiyoionyesha ama haikuandikwa kwa C++ ama imepachika yake. Kama plagini imetoka kwa mtu mwingine na huwezi kuijenga upya, weka mpaka wa C kati yenu: kazi za `extern "C"`, namba na baiti tu zipite, eksepsheni zidakwe upande zilikotupwa na zirudishwe kama namba ya kosa, na aliyegawa kumbukumbu ndiye aiachilie.

Lugha ya Lua ina sura yake ya tatizo hilohilo. Makefile yake hujenga `liblua.a` tu, na kuipachika ndani ya programu yako ni jambo la kawaida kabisa, ila lazima uongeze `-Wl,-E` ili moduli za C zinazopakiwa baadaye zizione simboli (majina ya kazi) za Lua ndani ya programu. Ukisahau utapata `undefined symbol: lua_gettop` au jamaa yake. Kosa linalofuata hapo ni mtu kuitibu hiyo kwa kuunganisha moduli yenyewe na `liblua.a` tena. Kosa la simboli linaondoka, na sasa una Lua mbili. Lua 5.2 na 5.3 zilikuwa na uungwana wa kusema `multiple Lua VMs detected`. Ukiona ujumbe huo, ondoa `-llua` kwenye moduli, usiiguse programu kuu.

## Python: pale ambapo chaguo-msingi linatosha na pale lisipotosha

Ukijenga Python kutoka kwenye msimbo bila kusema chochote, mkalimani huingia mzima ndani ya `python3.12`. Kwa kuendesha skripti, Django, au uchambuzi wa data, acha hivyohivyo. Unahitaji `--enable-shared` kwa sababu chache tu: unapachika Python ndani ya programu ya C au C++, unatumia mod_wsgi na Apache, au unatengeneza kifurushi kwa PyInstaller, ambayo kwenye Linux inaidai maktaba ya pamoja.

Zamani ya pamoja ilikuwa na gharama ya mwendo. Tangu Python 3.10, ukijenga kwa `--enable-optimizations`, bendera ya `-fno-semantic-interposition` huwekwa yenyewe, na kwa gcc hilo linaifanya Python ya pamoja kuwa na kasi zaidi kwa hadi asilimia 30. Usiiache.

```
sudo apt install build-essential libssl-dev zlib1g-dev libffi-dev libsqlite3-dev libbz2-dev liblzma-dev libreadline-dev
./configure --prefix=/opt/python3.12 --enable-shared --enable-optimizations LDFLAGS='-Wl,-rpath,/opt/python3.12/lib'
make -j$(nproc)
sudo make altinstall
```

Tumia `altinstall`, si `install`, ili usiweke `python3` nyingine juu ya ile ya mfumo. `--enable-optimizations` huendesha majaribio katikati ya ujenzi, kwa hiyo kwenye kompyuta ya kawaida tegemea kusubiri sana. Kama umeme hauna uhakika siku hiyo, usianze.

Kipande cha kutazama kwa makini ni ile `-rpath`, yaani njia ya folda ya maktaba inayoandikwa ndani ya programu yenyewe. Bila hiyo, mara nyingi utapata kosa la wazi:

```
error while loading shared libraries: libpython3.12.so.1.0: cannot open shared object file: No such file or directory
```

Hilo ni afadhali. Baya ni lisilo na kosa. Ubuntu 24.04 inakuja na Python 3.12. Kama mashine ina kifurushi cha `libpython3.12` cha mfumo na wewe umejenga 3.12 yako mpya bila rpath, mkalimani wako wa `/opt` utafunguka na kupakia libpython ya mfumo, kwa sababu jina la faili ni lilelile. Umejenga siku nzima, na unaendesha Python ya zamani ndani ya ganda jipya. Hakiki namna hii:

```
/opt/python3.12/bin/python3.12 --version
ldd /opt/python3.12/bin/python3.12 | grep libpython
```

Namba ya tatu ya toleo lazima iwe ile uliyoipakua, na njia ya libpython lazima ianze na `/opt/python3.12/lib`.

Wengi hukimbilia `LD_LIBRARY_PATH`, kigeu kinachokiambia kipakiaji kitafute maktaba wapi. Kwa kujaribu kwenye terminali ni sawa. Kwa kazi ya kila siku ni chanzo cha ile simu ya “jana ilikuwa inafanya”. Ukiiweka kwenye `.bashrc`, systemd haiisomi na cron haiisomi, kwa hiyo programu inakwenda kwa mkono na inagoma ikianzishwa yenyewe baada ya umeme kurudi. Njia ya `/etc/ld.so.conf.d/` pamoja na `sudo ldconfig` nayo hufanya kazi, lakini inaathiri mashine nzima: vim, gdb na programu nyingine zinazotumia libpython3.12 zinaweza kuvutwa kwenye ya kwako. Rpath inaigusa programu yako tu. Kama umeshajenga na umeisahau, `patchelf --set-rpath` itaiweka bila kujenga upya. Na kama folda nzima itahamishwa kutoka mashine moja kwenda nyingine, ipe patchelf `'$ORIGIN/../lib'` ndani ya nukuu moja ili shell isiimeze alama ya dola.

Unapopachika Python kwenye programu yako, chukua bendera kutoka `python3.12-config --embed --ldflags`. Bila `--embed`, tangu 3.8, `-lpython3.12` haitajwi na linka itakupa orodha ndefu ya `undefined reference`.

## Windows kwa ufupi

Kwenye kompaila ya Visual Studio, bendera ya `/MD` ni ya pamoja, `/MT` ni tuli. Kwa faili moja la `.exe` linalopelekwa kwenye kompyuta za ofisi zisizojulikana zina nini, `/MT` inakuokoa na ujumbe wa VCRUNTIME140.dll kutoonekana. Kwa programu yenye DLL zake, chagua `/MD` kwa zote na upeleke `vc_redist.x64.exe` kwenye flashi hiyohiyo, maana kwa `/MT` kila DLL inakuwa na CRT (rantaimu ya C) yake: `FILE *` iliyofunguliwa huku haifahamiki kule, na kumbukumbu iliyogawiwa huku isiachiliwe kule. Ukichanganya ndani ya faili moja, linka inakataa kwa LNK2038 na kukutajia `MT_StaticRelease` dhidi ya `MD_DynamicRelease`. Maktaba iliyotajwa ndiyo ya kujenga upya. Kama mteja anaambiwa VCRUNTIME140D.dll haipo, tazama hiyo D: umempelekea ujenzi wa Debug, na rantaimu hiyo hairuhusiwi kusambazwa. Jenga Release.

## Nani ataziba tundu likipatikana

Februari 2016 lilitangazwa tundu la usalama kwenye `getaddrinfo` ya glibc, CVE-2015-7547. Waliokuwa na glibc ya pamoja waliendesha `apt upgrade`, wakawasha upya huduma, wakamaliza. Waliokuwa wamepachika glibc ilibidi wajenge upya kila programu na kuipeleka kila ilikowekwa.

Basi jiulize kuhusu mashine husika. Seva iliyoko Arusha mjini, yenye intaneti na mtu wa kuisasisha kila wiki, ipe maktaba za pamoja. Kompyuta ya kituo cha mbali ambayo haijaonana na `apt` tangu ilipofungwa, ambayo masasisho yake ni wewe na flashi yako, haipati faida yoyote ya usalama kutokana na ya pamoja. Kupachika kunapunguza vya kuharibika, mradi ukubali kwamba kila tundu la rantaimu sasa ni kazi yako.

Ya pamoja nayo ina sharti lake. Kusasisha faili kwenye diski hakubadilishi programu ambayo tayari inaendeshwa. Inaendelea kushika nakala ya zamani kwenye RAM. Baada ya kusasisha:

```
sudo needrestart
sudo lsof | grep 'DEL.*\.so'
```

Chochote kinachojitokeza kwenye orodha ya pili bado kinatumia maktaba iliyofutwa, kiwashe upya.

## Kabla flashi haijapanda gari

Iendeshe programu kwenye kontena tupu ya mfumo wa mteja, isiyo na kompaila wala kitu chochote ulichokiongeza:

```
docker run --rm -v "$PWD":/kazi ubuntu:20.04 /kazi/mizani
```

Ikikataa hapa kwa sababu ya maktaba fulani ya `.so` kutokuwepo kabisa, usishangae: kontena tupu hazibebi kila kitu ambacho kompyuta ya mezani inacho. Weka kifurushi cha maktaba hiyo ndani yake kwa `apt install`, ujaribu tena, na uandike kwamba programu inaidai.

Kisha weka kwenye flashi faili dogo la TOLEO.txt lenye tarehe ya kujenga, jibu la `g++ --version`, namba mbili za juu kutoka `objdump`, na orodha ya maktaba zilizopachikwa pamoja na matoleo yake. Nakala ya faili hilo ibaki kwako Arusha, moja kwa kila mashine, kwa jina la kituo.